Mradi umeisha, Mjomba yuko nyumbani

Pale kijiweni kwetu Magomeni kuna mtu mzima mmoja tunamwita Mjomba, ukimkuta mara ya kwanza utadhani ni mwalimu mstaafu maana ana katabia ka kuhesabu watu. Mkikaa kwenye benchi macho yake yanazunguka tu, "mko tisa, vikombe sita, nani hajapata?" na anauliza kwa sauti ambayo unajikuta unajibu hata kama ulisimama kusubiri daladala na kahawa hunywi. Ilinichukua karibu mwaka kujua hiyo tabia kaitoa wapi. Kaitoa Ngara, kule mpakani na Rwanda. Alienda kambi ya wakimbizi ya Benaco 1994 akiwa na miaka 22, sifa yake kubwa ilikuwa leseni ya lori na mwandiko unaosomeka, na tangu siku hiyo hajawahi kufanya kazi nyingine ya maana zaidi ya wakimbizi, mpaka mwanzoni mwa 2025 alipopewa barua ya kurasa mbili akarudi Dar na begi lake.

Miaka thelathini hiyo. Na ukimuuliza Mjomba kazi yako ilikuwa nini hasa, anasita. Anakwambia "nilikuwa kwenye wakimbizi", basi, kama mtu anavyosema nilikuwa reli au nilikuwa kwenye pamba.

Nataka nimuongelee huyu na wenzake kwa sababu naona tunawajadili vibaya. Hapa mjini mtu anayefanya kazi na wakimbizi ana picha mbili tu. Kuna malaika, yule wa kwenye mabango ya tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, kavaa kizibao cha bluu kabeba mtoto wa mtu, pembeni wameandika wito, moyo, huruma. Halafu kuna mla posho, yule wa Land Cruiser nyeupe, leo semina Bagamoyo kesho hoteli ya ziwani Kigoma, analipwa kwa dola na kimoyomoyo anaomba vita visiishe. Nimeshazisikia zote mbili ndani ya dakika kumi kutoka mdomo mmoja. Ukizitazama vizuri zote zinatusaidia kukwepa kitu kimoja, maana malaika hadai mkataba na mla posho hastahili mkataba, kwa hiyo mkataba hauongelewi kabisa.

Mimi naona hii kazi ni ufundi. Ufundi kama wa kuchomelea au wa kufunga umeme, una namna zake, unajifunza kwa miaka, ukikosea mtu anakufa. Na Tanzania tumekuwa na mafundi hawa zaidi ya miaka 60, tangu enzi za Watutsi wa Rwanda na watu wa Msumbiji waliovuka Ruvuma, ila kama nchi hatujawahi kuwaweka mahali. Tumewaachia wafadhili wawaajiri kwa vipande vipande, kipande kikiisha fundi anaondoka na kila alichokijua. Mwalimu Nyerere alipewa tuzo ya Nansen 1983, ile ya UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na kila mwaka lazima kiongozi aitaje kwenye hotuba, sawa ni haki yetu, lakini ukarimu wetu hauna stoo. Kila dharura tunaanza moja.

Turudi Benaco kidogo ili uone ufundi ninaousema. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya saa 24, watu wanaokadiriwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara. Sasa jaribu kuileta Dar hiyo. Uwanja wa Mkapa unabeba watu 60,000, ujaze mara nne, halafu watoe wote kwa siku moja kupitia daraja moja, msimu wa masika, choo hakuna, bomba hakuna, na wewe una miaka 22 una lori la tani saba na karatasi. Mjomba anasema kitu cha kwanza alichofundishwa hakikuwa chakula, kilikuwa kamba. Watu wenye njaa wakiona gunia wanakusanyika duara, na duara linaua, waliopo katikati wanakanyagwa kimyakimya wala husikii, kwa hiyo unapiga vigingi na kamba kabla lori halijafunuliwa turubai, unawapanga mstari, na huo mstari lazima uwe na njia yake ya kutokea mbele kwa sababu mtu akishabeba gunia hawezi kugeuka arudi alikotoka. Alituchorea na kijiti pale chini kwenye vumbi, muuza kahawa akasimama kuangalia. Hakuna mahali mtu kasomea hicho kitu cheti. Na mimi sijui kama kuna ofisi yoyote ya umma hapa nchini yenye karatasi imeandikwa namna ya kupiga zile kamba, nadhani iko kwenye vichwa vya watu kama yeye tu.

Halafu kuna lile ambalo haliongei mpaka kijiwe kibaki na watu wawili watatu. Kwamba ndani ya wale 250,000 walikuwemo waliokimbia na walikuwemo waliosababisha yale mauaji ya Rwanda. Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa meya wa Murambi, alikuwa pale pale Benaco, na baadaye Mahakama ya Arusha, ile ya kimataifa ya kesi za Rwanda, ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari, kwenye rufaa akaishia na miaka 40. Viongozi wa vijijini kule ndio waligeuka viongozi kambini, na kwa kuwa huwezi kumgawia kila mtu mmoja mmoja siku ya kwanza, chakula kilipita mikononi mwao. Madaktari Wasio na Mipaka, tawi la Ufaransa, mwishoni mwa 1994 waliamua kufungasha wakaondoka, wakasema hawawezi kulisha wauaji. Wengine wakabaki, wakasema na hawa watoto je? Hapo hakuna aliyekuwa na jibu safi na mpaka leo ukiwakutanisha wawili wa enzi zile wanaweza kubishana mpaka usiku. Mjomba alibaki. "Mimi nilikuwa na karatasi yenye idadi," anasema, "karatasi haisemi nani kafanya nini." Sikumjibu kitu.

Desemba 1996 serikali ikatangaza Wanyarwanda wote wawe wamerudi kwao ifikapo tarehe 31, mashirika ya haki za binadamu yakapiga kelele kwamba hiyo siyo hiari, na ndani ya wiki chache kambi za Ngara zikabaki majivu na vigingi. Yule aliyekuwa anapima unga wiki iliyopita naye akaambiwa kazi imeisha. Huo ulikuwa mkataba wake wa kwanza kukatika. Kwa hesabu yake mwenyewe hadi 2025 alikuwa na mikataba 19. Mingine ya mwaka, mingi ya miezi sita, kuna mmoja wa wiki saba, na kuna ile anayoicheka mwenyewe, "mradi umeongezewa miezi mitatu bila hela", yaani kazi ipo, wewe upo, hela ndo haipo. NSSF yake imekatikakatika kama barabara ya Kasulu ya zamani wakati wa masika. Watoto wake wawili wamezaliwa yeye akiwa kambini na wote kawaona baada ya arobaini.

Najua mtu atasema si alilipwa. Alilipwa ndiyo, na miaka mingine alilipwa vizuri kuliko mwalimu au nesi wa serikali wa wilaya ile ile, na hilo lina uchungu wake maana wenyeji wa Kibondo na Kasulu walikuwa wanaona daktari wao anaacha hospitali ya wilaya anahamia kambini kwa mshahara wa mara tatu. Hiyo lawama ni ya kweli, siifichi. Ila angalia chini ya hapo. Wanaoishika kambi kila siku siyo wenye magari. Ni wafanyakazi wa insentivu, yaani wakimbizi wenyewe, manesi wakimbizi, walimu wakimbizi, wakalimani, wale wahamasishaji wa afya wanaopita mlango kwa mlango, ambao hawaruhusiwi kuajiriwa kama mimi na wewe kwa hiyo wanapewa kitu kidogo cha kutia moyo kwa mwezi, ndo hiyo insentivu, pesa ambayo hapa Dar kijana wa ofisini anaimaliza kwa chipsi kuku na bando kabla wiki haijaisha. Mwalimu wa Kirundi wa kambi ya Nduta amefundisha darasa la watoto mia na zaidi kwa hela hiyo. Kama kuna mtu kayatoa maisha yake kwa wakimbizi ni huyu, na kwenye mabango ya Juni 20 mara nyingi yeye anatokea kama mhudumiwa.

Na ni mstari mwembamba sana huo kati ya mhudumu na mhudumiwa. Marguerite Barankitse wa Ruyigi, kule Burundi, alilea maelfu ya yatima wa vita, akapewa Nansen 2005, na 2015 nchi ilipochafuka akakimbia mwenyewe akawa mkimbizi Rwanda, akaanza upya na Warundi wenzake huko huko. Wakongo wengi waliokuwa wanatafsiri kambi ya Nyarugusu, Kigoma, walikuwa walimu na manesi kwao Fizi na Uvira. Hawakuchagua kazi ya wakimbizi, iliwakuta.

Hapo kwenye kutafsiri niseme kidogo maana na mimi niligusa. Miaka ya nyuma nilipata kibarua cha miezi minne hapa mjini, ofisi siitaji, kazi ilikuwa kuingiza maelezo ya mahojiano kwenye kompyuta. Mtu kakimbia, anahojiwa, maelezo yanaandikwa, yanachambuliwa, kisha inaamuliwa kama anastahili hifadhi. Sasa unajua Kiswahili cha Kivu, mashariki mwa Kongo. Mama kaandikwa "balikuya busiku", yaani walikuja usiku, na aliyemhoji ni kijana msomi wa hapa hapa Dar ambaye masikioni mwake ile lugha ni kichekesho cha kwenye bongo fleva. Akitabasamu tu, hata kidogo, yule mama anafupisha. Kila akitabasamu anafupisha tena. Mwisho kisa cha kurasa nne kinatoka nusu ukurasa na chini kinaandikwa kwamba maelezo hayajitoshelezi. Nilikuwa nayapiga taipu nikidhani ni watu wasiojua kujieleza. Mjomba ndiye aliyenifungua macho, miaka mingi baadaye, aliponiambia swali la "kwa nini ulikimbia" ni swali baya kabisa, mtu atakwambia vita, ushamaliza. Unamuuliza siku hiyo uliamkaje, nani alikuwa jikoni, mbwa alibweka saa ngapi. Unatulia. Kisa kinakuja chenyewe, na ndani yake ndo unakuta kile sheria inachokitafuta, mkataba wa kimataifa wa wakimbizi wa 1951 unataka hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya kabila, dini, siasa na kadhalika, na ule wa OAU, umoja wa nchi za Afrika wa enzi hizo, wa 1969 ukapanua ukaingiza na wanaokimbia vurugu zilizovunja amani ya eneo zima. Kujua swali lipi linafungua mlango upi kisheria, na kulisema kwa Kiswahili ambacho mama wa Fizi hatajisikia mshamba, huo ni ujuzi wa miaka kumi mzee. Unaajiriwa kwa miezi sita.

Wala sisemi wako safi. Kazi hii ina sumu yake, inakuzoesha kukaa mwenzako akiwa amesimama. Wapo waliouza nafasi kwenye orodha, wapo waliotumia shida za wasichana, haya yamewahi kuchunguzwa na kuandikwa Afrika nzima na siyo siri. Mjomba mwenyewe kuna jina linamsumbua. Kwenye uhakiki mmoja, ile siku wanahesabu watu kaya kwa kaya kuondoa majina hewa, alikata mama mmoja ambaye hakuwepo kwenye foleni. Kumbe alikuwa zahanati anajifungua. Familia ikakosa mgao mzima, na alipokuja na kichanga mgongoni kudai, Mjomba akamwambia ngoja uhakiki unaofuata. "Niliongea vile kwa sababu ilikuwa saa kumi jioni na nilikuwa nimechoka," anasema. Hakusema zaidi akaagiza kahawa nyingine.

Sasa njoo 2015, hapa ndo hoja yangu ilipo. Aprili mwaka ule Rais Nkurunziza akatangazwa kugombea muhula wa tatu, Burundi ikalipuka, watu wakaanza kushuka Kagunga. Kagunga ni kijiji kimebanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, mpakani kabisa, barabara hakuna, unafika kwa boti au kwa mguu. Makumi ya maelfu wakajaa kwenye ule ufukwe. Kipindupindu kikaingia, maelfu wakaugua na karibu 30 wakafa ndani ya wiki chache. Kilichowatoa pale ni MV Liemba, meli ya Wajerumani ya 1913, haikuwa na gati ya kufunga kwa hiyo boti ndogo zikawa zinawavusha watu hadi kwenye meli, mia sita kwa safari, wanapelekwa Kigoma, wanashushwa, wanalala uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi hadi Nyarugusu ambayo ilijengwa 1996 kwa ajili ya Wakongo na sasa ikafurika mpaka ikapita watu 150,000.

Mjomba alikuwa wapi? Alikuwa Dar, anauza mbao Buguruni. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwisho wa 2012, Warundi wakarudishwa, mkataba ukafa, yeye akaja zake mjini. Mei 2015 saa tano usiku anapigiwa simu, uko wapi, unaweza kufika Kigoma lini. Namba yake ilikuwa kwenye simu ya mtu, aliyeipata kwa mtu mwingine waliyekuwa naye Ngara. Kesho yake akapanda basi. Na anasema alipofika akakuta nusu ya sura ni zile zile za Benaco, wamenenepa, wana mvi, mmoja katoka shambani Kahama mwingine alikuwa na duka la dawa Mwanza, wakaanza kazi bila hata kikao maana kila mmoja alijua nafasi yake, nani anapiga kamba, nani anachimba vyoo na umbali gani kutoka kwenye maji, nani anatenga watoto waliokuja peke yao kabla hawajachukuliwa na mtu anayejiita shangazi.

Hiyo habari wenzangu wanaiona tamu. Mimi inanitisha. Mfumo wetu wa taifa wa kupokea dharura ya wakimbizi ulikuwa simu ya mtu mmoja. Angebadilisha laini je?

Na sasa tumefika kwenye mwaka ambao hata simu haitasaidia. Januari 20, 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, tarehe 24 barua za kusimamisha kazi zikaanza kutoka, na tarehe 27 waasi wa M23 wakaingia Goma, mashariki mwa Kongo. Ndani ya wiki moja. Yaani huku mtu anakabidhi laptopu na kitambulisho, kule ng'ambo ya ziwa watu wanafunga magodoro. Juni UNHCR wenyewe wakatangaza kupunguza nafasi 3,500, wakati huo huo ripoti yao ikisema waliolazimika kuhama makwao duniani walikuwa milioni 123.2 mwisho wa 2024. Na kabla ya hapo, 2023, mgao wa chakula kwenye kambi za Kigoma ulishashushwa hadi nusu kwa kukosa fedha, na aliyetukanwa siku ile siyo mfadhili, mfadhili hakai Kasulu, alitukanwa aliyeshika kikombe cha kupimia mafuta.

Kijiweni mtu akasema afadhali, waende wote, na wakimbizi warudi kwao kambi zifungwe tupumzike. Siyo hoja ya kipuuzi, watu wa Kigoma wamebeba huu mzigo miaka mingi, misitu imeisha kwa kuni na hakuna aliyewalipa. Lakini hata kurudisha watu kunataka mafundi wale wale. Tangu Septemba 2017 Warundi wamekuwa wakirudishwa kwa utaratibu wa hiari, na neno hiari pale halina maana kama hakuna mtu wa kukaa na kila familia faragha, mke peke yake na mume peke yake, akauliza mnarudi kwa kupenda? na akajua kusoma kimya. Ukiondoa huyo mtu unabaki na basi na orodha. Halafu kufunga kambi hakufungi ramani. Tuna majirani nane wa nchi kavu na ziwani, Kongo haijatulia tangu niko shule ya msingi, Cabo Delgado kule Msumbiji kumewaka tangu 2017 na Ruvuma ni mto tu. Mwingine atakuja.

Wengine hawaji kukaa, wanapita. Juni 2012 zaidi ya wahamiaji 40 wa Ethiopia walikutwa wamekufa kwa kukosa hewa ndani ya lori huko Dodoma, walikuwa wanaelekea Afrika Kusini. Hawa tunawaita wahamiaji haramu, wanapelekwa mahakamani, wengi hata hawaelewi hakimu kasema nini, na kuna watu wachache hapa Dar, wanahesabika, wanaojua Kiamhari na sheria kwa pamoja. Akiugua mmoja kesi inaahirishwa. Nimeishia hapo kwenye hilo, linahitaji makala yake.

Tena hapa Dar ndo pagumu zaidi kwa fundi wa aina hii kwa sababu kazi yake haionekani. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inataka mkimbizi akae kambini, akitoka awe na kibali, kwa hiyo Mkongo anayenyoa saluni Kijitonyama au Mrundi anayeshona Mbagala mara nyingi kisheria hayupo. Mwanasheria anayemsaidia anafanya kazi na mtu asiyekuwepo. Hapati picha ya bango. Na hili ndo jiji ambalo Remmy Ongala alikuja 1978 akitokea Kongo kupiga muziki, leo konda anapiga kelele "Sinza kwa Remmy, shuka!" na hakuna abiria anayeuliza Remmy alikuwa na kibali gani. Jiji linajua kupokea. Ofisi zake ndo hazikumbuki.

Ninachokitaka siyo kikubwa. Idara ya Huduma kwa Wakimbizi ipo, iko chini ya Mambo ya Ndani, ina watu wake wazuri, iwe na daftari la mafundi hawa, majina, walifanya wapi, wanajua nini, na iwalipe kitu cha kuwashikilia kati ya dharura na dharura hata kama ni kidogo, kama akiba ya jeshi inavyoshikiliwa. Wakati hakuna dharura wafundishe, Chuo Kikuu pale Mlimani wamesomesha mambo ya uhamaji na wakimbizi miaka mingi, ila muulize mwanafunzi kama amewahi kuonyeshwa jinsi ya kupiga kamba. Na wale wa insentivu waliobeba kambi miaka ishirini, cheti chao kitambuliwe, nesi ni nesi. Hela itoke wapi? Mimi najua kwamba nchi inayokopa kujenga reli inaweza kulipa watu mia tatu kukaa tayari. Mjomba nilipomwambia hili alicheka, akasema "mdogo wangu, wewe hujawahi kuandika dokezo serikalini."

Desemba 2025 M23 walipoingia Uvira nilikuwa naye pale pale kijiweni, jioni, umeme umekatika mtaa mzima. Simu yake ikaanza. Wa kwanza alikuwa mwenyekiti wa zamani wa zoni moja Nyarugusu, alishahamishiwa Marekani, dada yake na wanawe wako njiani hajui waelekee Burundi au watafute boti. Mjomba hana kizibao, hana ofisi, hana hata vocha, alipigiwa. Akageuza karatasi ya kashata akaanza kuchora ziwa kwa kalamu ya muuza kahawa, hapa Baraka, hapa Rumonge, huku upepo wa jioni mbaya usipande boti ndogo, akamsikiliza mwenzake anayelia, akanyamaza naye kidogo, kisha akaweka simu sikio la pili.

"Sasa tulia. Niambie kwanza wako wangapi," akasema, "na mdogo kabisa ana miaka mingapi."